SOMO LA NYUMBANI: JUMAMOSI YA WATU WAWILI



Katika somo la mwezi uliopita tulizungumza juu ya fedha za nyumbani, na jinsi mume na mke wapasavyo kuhesabu pamoja mapato na matumizi yao. Baadhi yenu mlituambia pale nje, baada ya ibada, ya kuwa somo lilikuwa zuri ila lilikuwa kavu. Haya, mwezi huu twaleta somo lenye mchuzi. Twataka kuzungumza juu ya matembezi ya watu wawili waliooana karibuni: waende wapi siku ya Jumamosi, wale nini huko waendako, na kwa nini jambo hili, ambalo wengi hulihesabu kuwa mchezo wa vijana, tumelipa nafasi ya somo zima.

Kwanza tueleze lililotufanya tuandike. Sisi wawili ni wazee wastaafu hapa Tanga. Mmoja wetu alifundisha chuo cha ualimu miaka mingi. Mwingine alifundisha darasa la kwanza, na nyumba ikawa juu yake vilevile. Jioni moja vijana wawili walibisha hodi. Twawafahamu wote. Bwana ni fundi wa baiskeli huko Ngamiani, Mbondei wa Muheza. Bibi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Dodoma, aliyepita mikononi mwetu chuoni. Walikuwa wameoana mwaka mmoja na miezi kadhaa. Baada ya shikamoo na chai bibi akanyamaza, na walimu twaufahamu unyamavu wa namna ile. Ni wa mtoto anayejua jibu lakini anaogopa kunyosha mkono. Mwishowe akasema, "Mama, mimi na mume wangu hatugombani. Ila tangu tuoane tumetoka pamoja mara nne, na mara zote nne tulikwenda msibani."

Bwana akajibu kwa upole ya kuwa fedha hakuna. Jumamosi yuko kazini mpaka saa nane, kisha huketi na wenzake barazani kwa kahawa, kama alivyofanya baba yake. Jumapili wageni huja na bibi yuko jikoni mpaka jioni. "Mwalimu," akasema, "si kwamba simpendi. Lakini nikimpakia mke wangu kwenye keria tukakatiza Barabara ya Nane, hatuendi hospitali wala sokoni, twaenda kutembea tu, watu watasemaje?"

Ndipo bibi akatoa neno ambalo bwana mwenyewe hakuwa amelisikia. "Nimejaza fomu ya uhamisho wa kurudi Dodoma. Bado sijaipeleka."

Basi hapo tuliweka vikombe chini.

Tulizungumza nao mpaka saa tatu usiku, na hayo tuliyoyazungumza ndiyo somo la leo.

Watu wa pwani wa zamani walikuwa na mpango wao. Mwanamume alikuwa na baraza yake, mwanamke alikuwa na ua wake. Haikuwa desturi mume na mke kuongozana barabarani, na wala mke hakujiona mpweke kwa sababu hiyo. Uani walikuwamo wifi zake, mama mkwe, mashoga zake wa utotoni; palikuwa na ukili wa kusuka, harusi za kuhudhuria, na habari zote za mji zilipita pale kabla hazijafika barazani. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kupumzikia. Lakini tazama hali ya vijana wetu. Bibi huyu anakaa katika vyumba viwili vya kupanga, kilomita mia kadha wa kadha toka kwao. Uani kuna wapangaji wengine watatu ambao kila mmoja ana kufuli lake. Baraza ya bwana imebaki, ua wa bibi umekwisha. Mume anaposema anafuata desturi ya baba yake, anafuata nusu yake tu; ile nusu iliyomfaa mama yake haipo tena. Basi ni nani atakayekuwa shoga wa mke huyu siku ya Jumamosi ikiwa si mume wake?

Tulipowaeleza hivyo, bwana alikuna kichwa akasema hakupata kufikiri hivyo.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa maana hiyo ndiyo ngao ya kila mtu. Tuliwapa kalamu na karatasi. Bwana aliandika kahawa, kashata, soda, na, baada ya kusukumwa kidogo, shilingi mia tano hapa na elfu moja pale za kubashiri matokeo ya mpira. Bibi aliandika bando la simu, ambalo kwa maneno yake mwenyewe hulitumia kutazama watu wengine wakitembea. Jumla ya wiki moja ikawa shilingi 12,000 na senti zake. Hatukuwaambia waache yote. Tuliwaambia watie shilingi 8,000 katika bahasha kila Jumatatu, waiweke juu ya kabati, na pasiwe na mmoja wa kuigusa bila ya mwenzake mpaka Jumamosi. Bahasha ikiwa nyepesi wiki hiyo, waende karibu. Ikiwa nzito, waende mbali.

Tena tuliwapa masharti mawili. La kwanza, wawapo matembezini wasizungumze habari za kodi ya nyumba, madeni wala ndugu. Hayo yana siku yake. La pili, kila Jumamosi wale kitu kimoja ambacho mmoja wao hajapata kukila, na wapokezane zamu ya kuchagua.

Jumamosi ya kwanza walikwenda Raskazone kwa baiskeli. Ni mwendo wa nusu saa, hata chini ya hapo. Hapa na tusimame kidogo, kwa sababu wengi wetu tumekaa Tanga miaka mingi na bado hatujui kusoma maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu tunapata bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hufika yapata mita tatu; katikati yake ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne asubuhi, yakajaa karibu saa kumi alasiri. Kwa hiyo Jumamosi ya bamvua, fundi atokaye kazini saa nane ataikuta bahari ikija kumlaki. Jumamosi ifuatayo, saa ile ile, atakuta matope na kaa. Angalieni mwezi kabla ya kutoka. Kalenda hii haina malipo.

Pale Raskazone ndipo yaliposhuka majeshi ya Waingereza kutoka Bara Hindi mwezi wa Novemba 1914, yapata watu 8,000, nao Wajerumani na askari wao wakiwa kama 1,000 tu. Vita vilikwisha kwa siku chache, na waliorudi melini ni Waingereza. Wazee hupenda kusema ya kuwa nyuki ndio walioshinda. Ni kweli nyuki walitoka mizingani wakawauma watu wa pande zote mbili, lakini vita vilikuwa vimekwisha kuharibika kwa mipango mibovu. Bwana aliyajua hayo toka shuleni na alimsimulia mkewe njiani. Bibi alitwambia hakujua kama mume wake ni msimuliaji.

Na bwana naye alijifunza neno. Walipofika mchangani bibi alisimama mbali na maji. Amekaa Tanga mwaka mzima na zaidi, bahari iko nyuma ya mji, na alikuwa hajapata kutia mguu wake ndani ya maji ya chumvi. Aliogopa. Hakuna aliyemuuliza. Bwana alimshika mkono wakaingia mpaka magotini, na bibi alipiga kelele hata watoto waliokuwa wakiogelea wakacheka. Wakati wa kurudi mnyororo wa baiskeli ulikatika, fundi akatoa vyombo vyake akauunga pale pale kando ya njia. Bibi alisema alikaa kwenye jiwe akitazama ile mikono, kwa kuwa hakuwahi kumwona akifanya kazi. Naam, mtu aweza kumfulia mume wake nguo za grisi mwaka mzima asijue grisi ilitoka wapi.

Jioni hiyo ilikuwa zamu ya bwana kuchagua chakula, naye alichagua supu ya pweza kwa mchuuzi wa kando ya barabara. Bibi wa Dodoma alifumba macho. Alitafuna, akatafuna, kisha akauliza kama kile ni chakula au ni tyubu ya baiskeli. Lakini supu yenyewe, yenye ndimu na pilipili, aliimaliza, akaomba nyingine. Wiki iliyofuata alilipa kisasi. Alimtafuta mama lishe mmoja mtu wa bara, akampeleka mume wake kula ugali na mlenda. Ninyi wenyeji wa pwani mwajua taabu ya mtu asiyezoea mlenda: kijana huyu alikuwa anainua tonge na mlenda unamfuata kama uzi wa fundi cherehani, mpaka mama lishe mwenyewe akaja kumfundisha kuukata kwa kidole. Tangu hapo wamekwisha kula bada kwa samaki, mihogo ya kukaanga yenye chachandu, mishkaki, mbaazi za nazi na mkate wa kumimina, na wamekunywa juisi ya miwa na ukwaju. Mara nyingine hununua sahani moja wakaomba vijiko viwili. Si aibu. Neno letu moja tu la kiualimu: kula kinachotoka motoni mbele ya macho yako, na utazame maji ya kuoshea vyombo kabla hujatazama bei.

Kuna wakubwa wenzetu waliotuambia kwamba kula njiani ni kumdharau mke, kana kwamba hajui kupika. Twaheshimu mawazo yao. Lakini mke apikaye siku sita na nusu akiandaliwa chakula na mtu mwingine mara moja, haoni kuwa amedharauliwa. Tumemuuliza mmoja wetu aliyepika zaidi ya miaka thelathini, na jibu alilotupa ni refu mno kuchapwa hapa.

Baada ya hapo bahasha ilipata uzito wakaenda Mapango ya Amboni, huko Kiomoni, kama kilomita 8 kaskazini ya mji kwa njia ya Horohoro. Walitoka asubuhi, bwana akiwa amefunga duka siku hiyo, mke kwenye keria na madafu mawili kikapuni. Kina mama walicheka pale njia panda, kweli. Mmoja alipaza sauti, "Mnakwenda wapi, maharusi?" Bibi akamjibu, "Tunakwenda pangoni!" Kicheko kikawa cha wote, na lile neno la "watu watasemaje" likaishia pale. Watu walisema, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Mapango yale ni ya mawe ya chokaa, ya zamani mno; wataalamu huyahesabia yapata miaka milioni 150. Yako mapango kumi, nalo moja ndilo waongozwamo wageni kwa taa. Kuna popo wengi. Kuna mahali pembamba ambapo mtu mnene hana budi kujifikiria kwanza. Kiongozi atawaonyesha mawe ambayo maji yameyachonga yakafanana na tembo, au kochi, au ramani ya Afrika, na atawapitisha mahali ambapo watu hata leo huleta sadaka zao za mizimu. Atawaambia pia juu ya Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni. Na hapana shaka atawasimulia habari ya mume na mke wa Kizungu walioingia na mbwa wao wasionekane tena, mbwa peke yake akatokea upande wa Kilimanjaro. Hadithi hii ni tamu, isimulieni. Ila mjue kwamba mapango yalipimwa mwaka 1994, na lile refu kuliko yote halikufika kilomita moja. Mbwa yule alikuwa na safari ya juu ya ardhi.

Kando ya mawe, mahali penye unyevu, tafuteni ua dogo la rangi ya zambarau lenye majani manene yenye manyoya. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyetawala sehemu hizi, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta ua hilo katika nchi yetu ya Tanga na Usambara akapeleka mbegu kwao Ujerumani. Wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Leo linapandwa katika vikopo madirishani nchi nyingi za dunia. Sisi tulio nalo porini ni wangapi tumelitazama? Mlione, msiling'oe.

Hapa twataka kusema neno juu ya simu. Vijana hawa walipokwenda mara ya kwanza walipiga picha themanini na mbili. Tuliwauliza maji yalikuwa ya moto au ya baridi, wakatazamana. Tuliwashauri simu moja ibaki nyumbani, na ile nyingine itolewe mara tatu tu kwa siku. Wamepunguza. Hawajafika tatu.

Wenye watoto wachanga watauliza wafanyeje. Mchukueni mtoto mgongoni, au mkabidhiane na jirani, Jumamosi hii wao, Jumamosi ijayo ninyi. Walio shamba huko Magila na Korogwe msidhani somo hili ni la watu wa mjini. Msimu wa machungwa, kuketi wawili chini ya mchungwa wa mtu mwingine, mkanunua kumi mkayamenya bila haraka, ni matembezi kamili. Na mkiweza kukodi pikipiki toka Muheza kupanda Amani, mtaona bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, yenye miti ya nchi za mbali ambayo babu zetu waliipanda kwa mikono yao bila kujua majina yake.

Kwa ninyi wawili mnaosoma somo hili pamoja, yako maswali ambayo tungependa muulizane wenyewe, wala msiyalete kikundini. Ni lini mara ya mwisho mlikwenda mahali ambako hakuna aliyewatuma? Mwenzako anaogopa nini ambacho hujawahi kumwuliza? Na katika mji huu, ni mahali gani anapopataja mara kwa mara, nawe humjibu "tutakwenda siku moja"?

Swali hilo la mwisho latuhusu sisi. Kilomita 17 hivi kusini ya Tanga, kwenye njia ya Pangani, pako Tongoni. Jina lenyewe lasema: ni mahali pa tongo, mji uliohamwa. Pana msikiti wa mawe wa miaka mia sita hivi iliyopita, na makaburi zaidi ya arobaini, mengine yenye nguzo ndefu ambazo nyingi zimeanguka. Mbele yake ni ghuba ya Mtangata, na katika maji hayo ya karibu Vasco da Gama aliichoma moto meli yake mojawapo mwaka 1499, kwa kuwa hakubakiwa na mabaharia wa kutosha kuiendesha. Mmoja wetu alifundisha habari hizo ubaoni miaka na miaka. Alichora nguzo kwa chaki. Mara mbili aliwapeleka wanachuo kwa lori. Mwingine alifunga vyakula vya safari katika majani ya mgomba, akabaki nyumbani. Mwaka 1988 aliomba kwenda, akaambiwa likizo ijayo. Likizo ijayo palikuwa na ada za watoto. Ile nyingine palikuwa na msiba. Baadaye akaacha kuomba, na yule mwingine akadhani ameacha kutaka. Sasa magoti yamekuwa mabaya. Tuliwasimulia vijana jambo hili usiku ule, wala haikuwa rahisi kulisema mbele ya mwanafunzi wetu.

Jumamosi ya saba walikwenda Tongoni. Waliporudi walipitia kwetu, wakamwonyesha mmoja wetu zile picha. Alizitazama moja moja, kisha akauliza kama kuna mahali pa kukaa. Bibi akasema, "Mama, pana kivuli cha mbuyu." Ile fomu ya uhamisho hatujui iko wapi, wala hatukuuliza.

Fundi ametuambia ya kuwa rafiki yake ana bajaji ambayo yaweza kutufikisha karibu kabisa na makaburi, tutembee hatua chache tu kwa fimbo. Tumekwisha kuanza bahasha yetu. Iko juu ya kabati. Tumeangalia mwezi: Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao maji yatajaa alasiri. Kwa hiyo yeyote atakaye kutuona siku hiyo kwa habari ya somo hili au ya michango ya paa, tafadhali asije. Aje Jumapili.